Motokaa za Haibridi na Tairi ya Akiba

Uhaba wa petroli tuliouona Bujumbura miaka hii ya 2020 umenifanya nijifunze habari za motokaa za haibridi. Motokaa hizi zina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Toyota walianza kuuza Prius huko Japani mwaka 1997. Dereva anapoteremka kutoka Bugarama, mahali palipo juu ya meta 2,000, hadi kwetu ziwani, akishika breki mota hugeuka kuwa dainamo ikaijaza betri bure.

Lakini wenye motokaa hizi wana haja mbili. Kwanza, katika Prius hewa ya kupoza betri huingia kwa tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Vumbi likiliziba, betri hupata joto na kuchakaa upesi. Wangependa tundu lisafishike kwa urahisi. Pili, ili kupunguza uzito na kupata nafasi, haibridi nyingine hazina tairi ya akiba, ila chupa ya dawa na pampu. Dawa huziba tundu la msumari. Jiwe likipasua ubavu wa tairi, haifai kitu, na abiria watalala mlimani.

Basi anayetaka kununua na afungue buti kwanza atazame. Akiba haiozi.