SIKU 14 NA MIAKA 2

Somo la kujadiliana katika madarasa: jamaa, mpaka na ugonjwa



Tumezoea kuleta katika kurasa hizi somo moja la kuzungumza pamoja darasani. Mara hii sisi wa mwaka wa mwisho tumechagua jambo ambalo kila nyumba ya Bukavu inalijua, lakini bado hatujalisoma kama somo: wakati ule mpaka wa Ruzizi ulipofungwa sababu ya Korona. Wengi wenu mlikuwa wadogo sana, mnakumbuka paka maski na ndoo ya kunawia mikono. Sisi tulikuwa tayari na akili ya kuuliza maswali, lakini hatukuwa na mtu wa kutujibu. Leo tunajaribu kujijibu wenyewe.

I. MPAKA WETU NI MTO

Ruzizi inatoka katika ziwa Kivu hapa hapa mjini kwetu, inashuka mpaka ziwa Tanganyika. Mwaka 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikutana Bruxelles, wakapatana juu ya mipaka ya sehemu zetu hizi, na mto ukawa mpaka. Katika mkutano ule hakuna aliyeuliza wenyeji nani ameoa wapi, wala shamba la nani liko ng'ambo gani.

Basi watu waliendelea kuvuka. Tarehe 20/9/1976 Zaire, Rwanda na Burundi zilianzisha kule Gisenyi umoja unaoitwa CEPGL, na mojawapo ya mambo yake ilikuwa kurahisisha mapito ya wenyeji. Ndipo tukazoea kuvuka kwa karatasi nyepesi, kama ile tunayoiita jeton. Wamama wa Cyangugu walileta tomati, maziwa na mboga asubuhi. Wa kwetu walipeleka vitenge na vitu vya duka. Wanafunzi walivuka na mifuko yao mgongoni. Tena kulikuwa na jamaa zilizopanga nyumba Kamembe, baba akivuka kila siku kuja kutumika Bukavu.

Tunasema haya ili tuelewe neno moja: kwa mtu wa Kinshasa, kufunga mpaka ni kufunga mlango wa nje. Kwa mtu wa Bukavu ni kufunga mlango kati ya chumba na jiko.

II. KWA NINI KIPIMO CHA JOTO HAKIKUTOSHA

Wengine wanauliza: wakati wa Ebola mpaka haukufungwa hivi, sababu gani Korona ifungiwe? Ni swali zuri, na jibu lake liko katika somo la biolojia.

Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1/8/2018. Mwezi wa 8 mwaka 2019 ikafika hata kwetu Kivu ya Kusini, kule Mwenga. Tarehe 1/8/2019 Rwanda ilifunga mpaka wake na Goma, lakini siku ile ile ikafungua. Watu wakaendelea kupita: unanawa mikono, unapimwa joto, unakwenda. Njia hiyo ilikuwa na maana, kwa sababu mgonjwa wa Ebola haambukizi mwingine mbele ya dalili kuonekana. Mwenye homa anashikwa na kipimo pale pale.

Korona si hivyo. Mtu anaweza kuambukiza wengine karibu siku 2 mbele ya yeye mwenyewe kusikia kikohozi, na wengine hawasikii kitu hata kidogo. Anapita mbele ya kipimo, kipimo kinasema mzima, naye anabeba ugonjwa mpaka mezani kwa watu wake. Ndiyo sababu ya zile siku 14: kwa wengi dalili zinaonekana kisha siku 5 au 6, na ni wachache sana wanaopitisha siku 14. Mtu akikaa peke yake siku 14 bila dalili, ni vigumu sana awe bado anaubeba.

Basi wakubwa wa serikali waliofunga hawakuwa wajinga wala watu wabaya. Walikuwa na sababu. Tuanzie hapo, tusije tukafanya somo letu kuwa manung'uniko.

III. TAREHE ZA KUSHIKA

Tarehe 10/3/2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa, na tarehe 14/3 Rwanda nayo ikatangaza wake. Tarehe 19/3 mashule yetu yakafungwa. Jumamosi tarehe 21/3 Rwanda ikatangaza kufunga mipaka yake, isipokuwa kwa mizigo na kwa raia wanaorudi kwao. Tarehe 24/3 Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura katika Kongo, na mipaka ikafungwa upande wetu pia.

Mizigo iliendelea kupita. Lakini mama muuza mboga hapiti na gari kubwa, anapita na kichwa chake na miguu yake. Yeye alikaa nyumbani. Kisha wengine wakajifunza kujiunga, kuweka vitu vyao katika gari moja na kumtuma mtu mmoja.

Je, kufunga kulizuia ugonjwa? Kulipunguza mbio yake, bila shaka. Lakini haukuzuiwa kabisa: mwezi wa 6 mwaka 2020, mpaka ukiwa umefungwa zaidi ya miezi 2, ugonjwa ulionekana Rusizi ng'ambo, na mji ule ukatengwa na Rwanda nzima. Upande wetu shida ilikuwa nyingine, vipimo. Dokta Denis Mukwege, aliyekuwa ameshika kazi ya kuongoza upande wa afya katika vita vya Korona hapa jimboni, aliacha kazi ile tarehe 10/6/2020, na kati ya sababu alizotoa ni kwamba majibu ya vipimo kutoka Kinshasa yalichelewa kupita juma mbili. Pigeni hesabu wenyewe: jibu likichelewa kuliko zile siku 14, linasaidia nani?

Hali ya dharura ilikwisha mwezi wa 7. Tarehe 15/8/2020 ndiyo siku iliyotangazwa ya Kongo kufungua mipaka. Lakini mpaka una milango miwili. Upande wa Rwanda watu walipita kidogo kidogo, kwa masharti na vipimo, na mipaka ya nchi kavu ilifunguliwa tena rasmi tarehe 7/3/2022. Kutoka 21/3/2020 mpaka pale ni karibu miaka 2.

IV. NYUMBA MOJA

Hapa tunaleta mfano, na mfano ni wa nyumba yetu wenyewe. Tumepata ruhusa ya wazee wetu.

Ijumaa tarehe 20/3/2020 Mama alivuka Ruzizi kwenda kumuosha na kumpikia koko yetu, mama yake, aliyekuwa mgonjwa Kamembe. Alibeba kikapu cha siku 2. Jumamosi asubuhi Baba akamwita kwa simu: «Rudia leo, batu banasema batafunga mupaka.» Mama akajibu: «Na huyu nitamuachia nani?» Baba hakuwa na jibu. Usiku radio ikasema.

Sisi watoto 4 tulibaki na Baba. Tunakiri kwamba tulimkasirikia Mama. Tulisema amechagua koko, ametuacha sisi. Dada yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka 15, akashika jiko. Jioni tulisimama juu ya kilima tukaangalia taa za ng'ambo tukijaribu kujua taa yake ni ipi. Simu zilikuwa za dakika 2, kwa sababu ya pesa.

Mwezi wa 7 koko akafa. Watu waliomzika walikuwa wachache sana, kama ilivyoamriwa wakati ule. Siku ile kijana mmoja alikuja kumwambia Baba kwamba ana mtumbwi, usiku atamvusha, asubuhi atamrudisha. Baba akavaa koti, akachukua pesa, akatoka. Kisha saa moja akarudi, akakaa katika giza, hakusema kitu. Tukamkasirikia naye pia. Tulisema: hata mazishi ya mama mkwe!

Mama alirudi baadaye mwaka ule ule, na karatasi ya ruhusa na jibu la kipimo. Tulifikiri kurudi ndiko kwisha kwa shida. Siku ya kwanza aliingia jikoni, akasimama, akamuuliza dada yetu: «Chumvi munawekaka wapi?» Alikuwa anauliza njia ndani ya jiko lake. Dada akalia, Mama akalia. Ilichukua miezi mpaka kila mmoja kujua tena nafasi yake, na dada hakupenda kuamriwa tena kama mtoto.

Siku moja tulimuuliza Mama kama alimkasirikia Baba kwa kutovuka. Akasema: «Kama angevuka ningefurahi siku moja, kisha ningeogopa siku 14. Kwenye kilio kulikuwa wazee watatu.» Hapo tulianza kuelewa kwamba wote wawili walipenda, mmoja kwa kubaki na mmoja kwa kurudi kutoka ziwani.

V. KUTENGA KATIKA MAANDIKO NA KATIKA HISTORIA

Fungueni Mambo ya Walawi, sura ya 13. Mtu mwenye alama kwenye ngozi aliletwa kwa kuhani. Kuhani hakujua bado kama ni ugonjwa mbaya, basi alimtenga siku 7. Siku ya 7 alimwangalia tena. Kama hakuona hakika, aliongeza siku 7 nyingine, akaangalia tena. 7 na 7 ni 14! Hatusemi kwamba Musa alijua virusi. Tunasema kwamba tangu zamani watu walielewa kwamba kutenga kunahitaji hesabu ya siku.

Sasa someni mwanzo wa sura ya 14: aliyekaa nje ya kambi hakungoja peke yake mpaka mtu amkumbuke. Ni kuhani aliyetoka nje ya kambi kwenda kumwangalia. Basi kutenga kwa haki kuna mambo 2: idadi ya siku, na mtu anayerudi kuangalia.

Historia ya dunia inasema vile vile. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliamuru wageni kutoka sehemu za tauni wakae pembeni siku 30. Baadaye miji mingine, kama Venice, ilitumia siku 40, na neno karantini linatoka katika hesabu hiyo ya 40. Waliotengwa walijua siku ya kutoka.

Hili ndilo neno tunalotaka mlishike. Mwaka 2020 siku 14 zilikuwa na maana. Kosa lilikuwa kwamba kwa jamaa za mpakani siku 14 ziligeuka miezi, na miezi ikageuka miaka, bila mtu kusema mwisho wake ni lini. Kutenga kuna hesabu. Kusahau hakuna hesabu. Tena tunajua kwamba njia ya katikati inawezekana. Aina mpya ya mpox ilipoonekana Kamituga, hapa jimboni, na Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari tarehe 14/8/2024, watu wa Ruzizi waliendelea kuvuka huku wakinawa mikono na kuangaliwa.

VI. MAMBO 4 YA KUPATANA NYUMBANI

Sisi wanafunzi hatufungi wala hatufungui mpaka. Lakini kila jamaa yenye watu pande mbili inaweza kuzungumza sasa, mbele ya siku mbaya:

1. Nani atabaki na mgonjwa au mzee kama njia itafungwa kwa ghafula? Jina lisemwe mapema, mtu asichaguliwe kwa simu asubuhi moja.

2. Karatasi ziko wapi? Kila mtu, hata mtoto, awe na karatasi yake ya kusafiri, na nakala zikae pande zote mbili.

3. Nani atashika kazi za nyumba, na yule anayezishika ataendelea kusoma namna gani? Mara nyingi ni msichana, na shule inapofunguliwa yeye anachelewa kurudi, au harudi kabisa.

4. Kama kilio kitatokea, tutafanya nini? Jamaa nyingine zilipatana kusali saa moja ile ile pande zote mbili. Haitoshi, lakini ni afadhali kuliko kila mtu kulia peke yake.

MASWALI YA DARASANI

1. Eleza kwa nini kipimo cha joto kilisaidia kwa Ebola kuliko kwa Korona.

2. Kama ungekuwa Mama asubuhi ile ya tarehe 21/3/2020, ungebaki au ungerudi? Toa sababu, na usiseme upesi.

3. Aliyevuka usiku kwa mtumbwi kwenda kuzika mzazi wake, amekosa? Kwa nani?

4. Andika sharti moja ambalo ungeomba wakubwa wa pande zote mbili waweke, kama mpaka utafungwa tena sababu ya ugonjwa.

Juu ya swali la 2, hata sisi ndani ya nyumba hatujapatana. Dada yetu bado anasema Mama angerudi. Mama mwenyewe anasema angebaki tena, lakini mara hii angebeba kikapu kikubwa zaidi, na mbele ya kutoka angetuaga vizuri.

Bwana awabariki katika masomo.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho