Sadaka Iliyo Uani: Kupanda Miti ya Kwetu Katika Nchi ya Ukavu

Miongoni mwa mambo ambayo watu wetu huyadharau na kuyaona kuwa hayahusu dini ni jambo la mti. Mtu akijenga nyumba Mombasa, Malindi au Lamu, mara nyingi la kwanza alifanyalo ni kuukata mti ulioko uani. La pili ni kuupiga ua wote sementi hata pasibaki pa kupenya tone la mvua. Akiulizwa sababu, hutoa moja katika tatu: ama majani ya mti ni takataka, ama mti hukaliwa na majini, ama nchi yetu ni kavu na maji hayamtoshi mtu sembuse mti. Leo twataka kuzipima sababu hizi kwa mizani ya sharia na ya akili, kisha tueleze ni miti gani ifaayo kwetu na vipi hupandwa.

Twaanza na dalili. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.) ya kwamba Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha kuwa Mwislamu apandapo mti au mmea, kisha akala humo ndege, au mtu, au mnyama, basi huandikiwa sadaka kwa kila kilicholiwa. Na tuzingatie vyema maneno haya. Ndege ametajwa pamoja na mtu, wala haikushurutishwa kuwa mwenye mti awe ametoa ruhusa. Basi yule anayekasirika kwa kuwa ndege wamemdonolea matunda hajaijua faida yake. Tena katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu sisi. Umma hauwezi kukaa pasipo chakula, maji na maskani. Na sisi ndio tunaowaondolea vitatu hivyo kwa shoka na sementi.

Tena Abu Daud amepokea hadithi ya onyo kali kwa mwenye kukata mkunazi. Alipoulizwa maana yake, alifafanua kuwa makusudio ni mkunazi ulioko jangwani, ambao wapita njia na wanyama hujifunika kwa kivuli chake, akaukata mtu ovyo na kwa dhuluma, bila ya haki. Hapa pana fundisho kubwa. Sharia haikukataza kukata mti kwa haja. Watu hujenga kwa mbao na hupikia kuni. Lililolaumiwa ni kuuangamiza mti unaowafaa viumbe pasipo sababu.

Ama hoja ya majini, watu wamegawanyika mafungu mawili, na yote mawili yamekosea. Fungu la kwanza huuendea mbuyu kwa ubani na vitambaa, wakauomba shifaa na riziki. Huo ni ushirikina ulio wazi, na hatutachoka kuukataza. Fungu la pili huona kuwa dawa ya ushirikina ni kuukata mbuyu. Lakini mti hauna dhambi. Wenye dhambi ni wanaouabudu. Mbuyu huchanua jioni, na ua lake hudumu siku moja tu. Usiku popo huja kunywa maji yake matamu, na kwa kazi hiyo mti hupata kuzaa. Kisha twala ubuyu, na watoto wetu wakafurahi. Basi na tuufundishe moyo wa mtu tauhidi, tuuache mti wa Mungu usimame. Majirani zetu Wamijikenda wamehifadhi misitu ya kaya zao kwa karne nyingi, hata mwaka 2008 ikaandikwa katika urithi wa dunia. Itikadi zao si zetu; lakini ni aibu kwetu, tulio na hadithi sahihi mikononi, kuwa nyuma katika kuhifadhi.

Lakini na tuseme wazi: si kila mti ustahimilio jua hutufaa. Mathenge uliletwa Baringo katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, kwa kuwa haujali ukame. Leo umevamia malisho na kingo za mito katika sehemu nyingi kavu za Kenya, hata Tana, na wafugaji wanaulalamikia. Mwarubaini nao, ambao wengine huuita mkilifi, asili yake ni Bara Hindi. Una manufaa ya dawa, lakini ndege hueneza mbegu zake hata ukaingia katika misitu ya pwani na kuisonga miti ya asili. Mti wa kwetu umeishi na wadudu wa kwetu tangu kale. Viwavi hula majani yake. Ndege huwachukua viwavi hao kuwalisha makinda, kwani ndege wengi wadogo, hata walao matunda na maua, huwalea watoto wao kwa wadudu. Mti wa kigeni mara nyingi hauna mdudu anayeujua, na ndege hupata humo kivuli pasipo chakula.

Miti ya kupanda basi ni ipi? Mwenye nafasi kubwa, kama uwanja wa madrasa au pembezoni mwa makaburi, na apande mkwaju. Mizizi yake huzama chini sana, nyuki hupenda maua yake, na kivuli chake huwafaa wazee na wanafunzi. Mwenye ua wa wastani na apande mkunazi, mti wa jamaa moja na ule uliotajwa katika hadithi. Majani yake twayajua katika kuosha maiti, matunda yake huliwa na watoto na ndege, na miiba yake huyalinda matago.

Mwenye nafasi ndogo, au ardhi yenye chumvi karibu na bahari, na apande mswaki, ambao Waarabu huuita araki. Mti huu hauogopi chumvi wala ukame. Ndege hula matunda yake madogo, na kuna vipepeo ambao viwavi vyao hula majani yake. Tena katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Jabir (R.A.), imepokewa kuwa Masahaba walikuwa wakichuma matunda ya mti huo pamoja na Mtume (S.A.W.), naye akawaelekeza wachague yaliyo meusi kwa kuwa ndiyo mazuri zaidi. Nani katika sisi, anayepiga mswaki kila siku, amepata kuuona mti wake ukizaa? Na asiye na ardhi kabisa na aweke mshubiri katika chungu barazani. Ukichanua, ndege chozi watamjia wenyewe. Lakini asiung'oe porini. Aombe chipukizi kwa jirani.

Ama namna ya kupanda, ni hivi. Shimo huchimbwa wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari au Machi, likatiwa samadi iliyooza. Mche hutiwa mvua ya mwaka ianzapo, yaani Aprili, ili upate miezi ya mvua ya kushika mizizi kabla ya jua kurudi. Kandokando ya shina hufanywa ukingo wa udongo mfano wa sahani, ili maji yasikimbie. Kisha juu ya udongo hutandazwa majani makavu. Na hapa ndipo hoja ya takataka inapoanguka, kwani majani yale yanayofagiwa na kuchomwa moto ndiyo yanayozuia udongo kukauka, yakaoza yakawa mbolea, na chini yake wakaishi wadudu ambao ndege na mijusi huwatafuta. Mche humwagiliwa maji mengi mara moja au mbili kwa wiki, si kidogo kidogo kila siku, ili mizizi ifuate maji chini. Mwenye kuweza na azike karibu nao mtungi wa udongo hadi shingoni, aujaze na kuufunika; maji hupenya polepole ubavuni mwa mtungi, na jua halipati kuyanyonya. Mti wa kwetu ukilelewa hivi miaka miwili au mitatu ya mwanzo, baadaye hutosheka kwa mvua.

Huenda mtu akasema, "Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za Kenya, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022. Visima vyetu vinageuka chumvi. Vipi tumwage maji kwa ajili ya ndege?" Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Haki ya mtu mwenye kiu hutangulia. Lakini na tuangalie maji tuyapotezayo. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita, sisi twafungua bomba likamwagika tangu kuosha viganja hata miguu. Msikiti wenye watu mia, kila mmoja akitumia lita mbili tu, hupeleka lita mia mbili shimoni kwa sala moja.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi hayafai kutawadhia tena, lakini si najisi. Basi yafaa kuyaelekeza kwenye miti kwa mfereji mdogo, maadamu hayakuchanganyika na maji ya choo. Ama maji ya kisima au birika lililowekwa wakfu kwa kunywa au kutawadha, hayo yasichotwe kumwagilia, kwani sharti la mwenye kuweka wakfu hufuatwa. Na kwa kuwa mafakihi wetu wamechukia kupanda ndani ya msikiti penyewe, mti na uwe katika kiwanja cha nje.

Limebaki moja. Kunguru wa Kihindi, walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka, wameenea pwani yote, nao hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kinachowanenepesha ni majaa yetu. Basi mwenye kufunika taka zake amemsaidia chozi na shore kabla hata ya kupanda mti. Na mwenye kuwawekea ndege sahani ya maji na ayabadilishe kila siku, asije akafuga mbu akawadhuru jirani zake. Hapana kudhuru wala kudhuriana.

Ndugu zetu, twawaomba wasimamizi wa misikiti na walimu wa madrasa waanze kabla ya mvua ya mwaka ijayo: kila msikiti mti mmoja, na kila mwanafunzi mche mmoja ajuaye jina lake na aulizwe habari zake. Mtume (S.A.W.) ameagiza kuwa hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Ikiwa hali ni hiyo siku ambayo hakuna atakayengojea tunda, basi sisi tulio na Aprili mbele yetu tuna udhuru gani?

Wabillahi ttawfiq.