Kumtoa Mpangaji: Je, Lazima Wakili?



Baada ya darsa la Alhamisi ndugu mmoja aliniuliza jambo la kwao. Marehemu baba yake ameacha vyumba vya kupangisha. Mpangaji mmoja, dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu, hajalipa miezi mitatu. Ami anataka kubadilisha kufuli. Mama anasema bila wakili hawawezi kitu, na pesa ya wakili hawana.

Tuanze na mkataba. Ijara ni kuuza manufaa kwa muda maalumu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kifo cha mwenye nyumba hakiivunji (Mahanafi wanasema inavunjika). Warithi wameipokea nyumba pamoja na mpangaji wake mpaka muda uishe.

Ukishaisha? Imam Nawawi katika Minhaj anaeleza kwamba mwenye haki ya kitu chenyewe anaweza kukichukua kwa mkono wake kama hakuna khofu ya fitina. Ikiwepo, lazima aende kwa kadhi. Sasa, kumfungia nje mtu mwenye gongo, watoto na vyombo vyake vikiwa ndani, fitina hapo haiogopwi tena, imeshafika! Kwa hiyo hakimu ni lazima.

Wakili ni jambo jingine. Uwakala katika kesi unajuzu, hauwajibiki. Sayyidna Ali alimweka nduguye Aqil, kisha Abdullah bin Jaafar, wamsimamie katika madai. Abu Hanifa hata alishurutisha ridhaa ya mpinzani, isipokuwa kwa udhuru kama ugonjwa au safari.

Hapa Uganda, kifungu cha 129 cha Katiba ya 1995 kinataja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Kodi ya nyumba haimo, basi ni mahakama za kawaida, na mtu anaruhusiwa kusimama mwenyewe. Kodi isiyozidi shilingi milioni 10 hudaiwa kwa utaratibu wa madai madogo wa mwaka 2011, ambako mawakili hawaingii kabisa. Ila huko hudaiwa pesa, si chumba.

Na hiyo pesa ina hukumu yake: Al-Baqara aya ya 280 inaamrisha mwenye dhiki asubiriwe. Kumsubiri deni hakumaanishi kumwachia chumba bure baada ya muda. Ni mambo mawili, na ami ameyachanganya.

Kufuli lilikuwa limeshanunuliwa. Nilimwomba ndugu yangu ampigie ami yake simu usiku uleule.

Wallahu aalam.