Altezza Yako Imechakaa Ndani? Vidokezo 9 vya Kuifufua Ukiwa Singida

Injini bado inanguruma vizuri, na ukipita Misuna vijana bado wanageuza shingo. Tatizo linaanza ukifungua mlango: siti imechanika ubavuni, dashibodi ina mipasuko, kioo cha abiria hakishuki. Usikate tamaa! Toyota Altezza ilitoka Japani mwaka 1998 na ikaacha kutengenezwa 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imeshakula miaka 20 hivi. Kuchakaa ni haki yake. Habari njema ni kwamba mengi yanatengenezeka hapahapa mkoani, na yaliyobaki yanapatikana bila kuuza ng'ombe. Twende kazi!

1. Anza na kibati, pochi baadaye
Tafuta kibati cha chesisi, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kikisema SXE10, una RS200 yenye injini ya 3S-GE. Kikisema GXE10, una AS200 yenye 1G-FE ya silinda sita. Usiondoke bado! Angalia palipoandikwa COLOR na TRIM: ya kwanza ni rangi ya nje, ya pili ndiyo inayoeleza vitambaa na plastiki za ndani. Piga picha, itunze kwenye simu. Muuza spea akiuliza "Altezza ipi?", unamtumia picha na ubishi unaisha.

2. Geuza spea, usome mgongo wake
Vipande vingi vya Toyota vina namba upande wa nyuma: tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine. Tano za kwanza zinataja aina ya kitu, na mbili zinazofuata kistari mara nyingi zinataja ukoo wa gari. Kwa Altezza tafuta 53. Vya ndani huongezewa alama ya rangi mwishoni. Ziandike zote kwenye daftari moja, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiwa na namba, huuziwi kipande cha Mark II kwa jina la Altezza.

3. Wakumbuke ndugu zake
Ulijua Altezza iliuzwa Ulaya kwa jina la Lexus IS 200? Ndugu huyo anafungua milango mingi, hasa yule wa Uingereza, kwa sababu usukani wake uko kulia kama wetu. Yupo pia Altezza Gita, mwenye mgongo mrefu, anayeshea vitu vingi na dada yake upande wa mbele. Kuwa makini na mzigo wa Marekani au wa nchi za Ghuba, ambako usukani uko kushoto: dashibodi ya huko haitakaa kwako hata uilazimishe. Kila mara uliza, "Hii ni ya usukani wa kulia?" Swali dogo, pesa nyingi zimeokoka.

4. Swichi "iliyokufa" huenda imeshiba vumbi tu
Swichi kuu ya vioo iko mlangoni kwa dereva, na kila ukishusha kioo kwenye njia za Mkalama au Ikungi inapata mgao wake wa vumbi. Kabla hujanunua nyingine, toa waya hasi wa betri, inua paneli taratibu kwa mwiko wa mbao (bisibisi itaacha kovu), kisha ifungue swichi. Ndani utaona vijisahani vya shaba vilivyopiga weusi. Vifute kwa kitambaa chenye spiriti, vipitishie msasa laini mara moja, acha vikauke, rudisha. Mara nyingi kioo kinashuka! Na klipu ikikatika wakati wa kufungua, ipeleke dukani kama sampuli ununue kadhaa. Ni za bei ndogo, na zinazuia mlango kupiga kelele barabarani.

5. Mtafute fundi anayeshona siti za mabasi
Siti ya dereva huchakaa zaidi ubavu wa kulia, pale unapojisugua kila ukiingia na kutoka. Huhitaji siti mpya. Fundi anayeshona siti za mabasi au za bodaboda anaweza kubadilisha kipande hicho kimoja. Siri ni mbili. Kwanza, chagua rangi ya kitambaa kwa kulinganisha na sehemu ya chini ya siti, ambayo haijachomwa na jua. Pili, mwambie akague sponji. Kama imelala, aongeze kipande cha sponji nzito kabla ya kushona, la sivyo kitambaa kipya kitakunjika mapema. Ukiona lebo ya SRS AIRBAG ubavuni mwa siti, upande huo usizibwe kwa kava wala kushonwa ovyo.

6. Dashibodi: mkeka, kivuli, na mafuta yabaki jikoni
Jua la Singida halina mzaha na plastiki. Kama mipasuko ni ya juujuu, mkeka wa dashibodi unaifunika vizuri. Tandaza gazeti juu ya dashibodi, kata kwa kufuata umbo lake, toboa sehemu za matundu ya hewa, kisha mpe fundi hiyo iwe ramani. Acha wazi kifuniko cha eabegi ya abiria. Baada ya hapo weka kizuia jua kila unapoegesha. Hata kanga inasaidia. Na jamani, tunajua alizeti ni fahari ya mkoa wetu, lakini mafuta yake ni ya chapati! Ukiyapaka kwenye dashibodi ili ing'ae, unakaribisha vumbi lije kulala hapo.

7. Ilala na Gerezani ziko kwenye simu yako
Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea ya Ilala na Gerezani, iko karibu kilomita 700 kutoka hapa, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuzidi bei ya kitasa unachokifuata. Kwa hiyo tumia simu. Omba picha ya mbele, picha ya nyuma inayoonyesha namba na masikio ya klipu, na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni. Kwa kitu cha umeme, omba video kikiwa kinafanya kazi. Kama una ndugu mjini, mwombe apite dukani akikague kabla hujatuma hela. Mwisho, patana bei "mpaka stendi", yaani pamoja na kufunga na kutuma kwa basi, upate risiti, ukapokee mzigo wako kwa raha.

8. Kidole kimoja hakivunji chawa
Wauzaji wengi hupenda kuuza ndani yote ya gari lililokatwa kwa mpigo, na bei ya jumla huwa nafuu kuliko kununua kimoja kimoja. Wewe unataka siti za nyuma tu? Mtafute mwenye Altezza wa Manyoni anayetaka silingi na yule wa Kiomboi anayelilia mita yake, ile yenye vimita vitatu ndani ya duara la spidi. Changeni, mgawane kila mtu na chake. Kampuni za bima nazo huuza mabaki ya magari yaliyopata ajali, hivyo ulizieni. Sharti moja: dai karatasi za umiliki na risiti. Bei ikiwa ya kutupwa na muuzaji hataki kuandika chochote, ondoka. Spea ya wizi inaweza kukupeleka polisi.

9. Vitu viwili usibane matumizi
Eabegi na mikanda ya usalama. Mkanda uliokwisha kumshika mtu kwenye ajali umeshafanya kazi yake, na eabegi ya mtumba huwezi kuijaribu ukajua kama italipuka siku ya siku. Hivi ununue vipya vya gari lako, na ufungiwe na fundi anayevijua. Pesa uliyookoa kwenye swichi, siti na dashibodi ndiyo inayolipia hapa. Umeona hesabu inavyojibu?

Kwa hiyo Jumamosi hii usianze na safari ya Dar. Chukua daftari, kaa ndani ya gari lako, orodhesha kila kilichoharibika, kisha gawa mafungu mawili: cha kutengeneza hapa na cha kuagiza. Ukimaliza fungu la kwanza, la pili litakuwa fupi kuliko ulivyodhani. Altezza yako bado ina miaka ya kukupeleka. Ipe siti inayostahili!