Siagi au majarini?

Swali: Hapa Kilwa Masoko majarini ipo kila duka, siagi naagiza Dar es Salaam. Je, nahangaika bure?

Jibu: Kwa ladha, hapana, majarini huiga tu. Kwa moyo, ndiyo, kwa kiasi: karibu nusu ya uzito wa siagi ni mafuta yanayopandisha lehemu. Lakini majarini nayo si moja. Ya alizeti au soya ni nafuu. Ya mawese haijaizidi siagi sana. Ukisoma kwenye kopo kwamba mafuta yameongezwa hidrojeni kwa sehemu, rudisha. Shirika la Afya Duniani lilitaka mafuta ya namna hiyo yaondolewe duniani ifikapo 2023.

Mimi, huko kwenu mkoani Lindi, ningesaga korosho zilizokaangwa, chumvi kidogo, nikapaka mkate.