Kengele ya Lango Isiyotegemea Betri za Dukani

Siku hizi madukani inauzwa kengele ya kulinda njia. Ina vipande viwili. Kipande cha kwanza tunakifunga langoni. Tutakiita jicho. Kipande cha pili tunakiweka chumbani. Hicho ndicho kengele yenyewe. Mtu akipita mbele ya jicho, kengele inalia ndani. Hakuna waya kati yao. Habari inasafiri hewani, kama sauti ya redio.

Huko Marekani na Ulaya watu wenye nyumba zilizo mbali na barabara huzitumia kujua gari linapoingia uani. Sisi tuna kazi nyingine nazo. Tuna ghala la chama cha ushirika, tuna mashine ya kusaga, tuna zizi. Gunia la korosho likiondoka usiku, limeondoka na jasho la mwaka mzima.

Sasa shida iko wapi? Jicho linakula betri za tochi, zile ambazo wazee huziita mawe. Betri zikiisha, jicho halisemi chochote. Linanyamaza tu. Na kimya cha jicho lililokufa ni sawasawa na kimya cha usiku wa amani. Mlinzi aliyelala tunamwona kwamba amelala. Jicho lililokufa hatulioni. Ndiyo sababu tunataka lipate chakula chake kila siku bila kungoja mtu akumbuke kwenda dukani.

Kwanza tujue linavyofanya kazi. Jicho la aina hii halioni sura ya mtu. Linapokea joto la mwili. Joto hilo likihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, jicho linashtuka na kupeleka habari. Kwa hiyo tulifunge litazame njia kwa ubavu, mtu akatize mbele yake. Likitazama njia kwa urefu, mtu anayelijia moja kwa moja anaweza kufika karibu kabla halijashtuka. Mbuzi pia ana joto, na mbwa ana joto. Jicho likifungwa chini sana, litashtuka kwa kila mbuzi, na kila kushtuka kunakula umeme. Mchana wa jua kali, ardhi ikiwa na joto karibu sawa na mwili, jicho huona kwa shida. Usiku wa baridi huona vizuri.

Hebu tufanye hesabu. Umeme mdogo kama huu hupimwa kwa miliampia. Tuchukue jicho linalokula miliampia 1 kwa saa zote 24. Kwa siku litakula 1 × 24 = 24. Betri ya ukubwa wa kidole huweza kuwa na akiba ya 2000 hivi. Tugawe: 2000 ÷ 24 = 83. Basi betri zitadumu siku 83, hazifiki miezi mitatu. Mtu atauliza, mbona jicho lina betri 4, si zidumu mara nne? Hapana. Betri zikipangwa mstari mmoja, volti ndizo zinazojumlishwa: 1.5 mara 4 ni volti 6. Akiba inabaki ile ile 2000. Kwa mwaka tutabadili mara 4, yaani betri 16, mbali na zile 4 za kuanzia. Piga mara bei ya dukani kwenu. Halafu fikiri betri hizo zinatupwa wapi, maana zikioza hutoa maji yanayoharibu udongo, na jicho lenyewe pia kama zimo ndani.

Njia tunayoipenda sisi ni paneli ndogo ya sola pamoja na betri za kuchaji. Msomaji atasema, bado ni betri hizo! Ni kweli. Lakini jua halipo usiku, na mwizi huja usiku. Lazima umeme wa mchana uwekwe mahali. Tofauti ni kwamba betri hizi tunanunua mara moja, zinatumika miaka kadhaa.

Betri ya kuchaji ya kawaida ina volti 1.2, si 1.5. Betri 4 zitatoa volti 4.8 badala ya 6. Majicho mengi hukubali, mengine hukataa. Kwa hiyo kabla ya kununua paneli, chaji betri hizo kwa chaja yake, zitie ndani ya jicho, kisha pita mbele yake. Kengele ikilia, endelea. Isipolia, usipoteze fedha.

Paneli iwe ya volti 6, yenye kutoa miliampia 50 hivi kwenye jua kali. Jua kali la saa 4 litatupa 50 × 4 = 200. Tutoe theluthi moja inayopotea wakati wa kuchaji. Inabaki 133. Jicho linakula 24. Siku moja ya jua inalisha jicho siku 5! Usivutwe na paneli kubwa. Betri ndogo zikilazimishwa umeme mwingi kila siku hupata joto na kuharibika.

Waya chanya ya paneli ipitie kwanza kwenye dayodi. Hiki ni kidude kidogo chenye mstari upande mmoja. Kinaruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, kama mlango wa mtego wa samaki. Mstari utazame upande wa betri. Bila dayodi, usiku umeme wa betri unaweza kurudi kwenye paneli na kupotea bure. Waya hasi huenda hasi bila kupitia kokote. Fundi redio wa kijijini ataweza kazi hii.

Hapa tunaomba usikilize sana. Paneli isiunganishwe kamwe na betri za kawaida za dukani. Hizo hazikutengenezwa kuchajiwa. Zinaweza kuvuja au kupasuka. Wala usichanganye za kuchaji na za kawaida.

Huku kwetu Tanzania, kusini mwa mstari wa ikweta, paneli iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini. Mvua nayo itaosha vumbi. Jicho likiwa chini ya mwembe, paneli isikae hapo. Ivutiwe waya mpaka penye jua.

Iko njia ya pili, kwa wenye sola ya volti 12 nyumbani. Vuta waya mpaka langoni, na hapo langoni funga kipunguza volti ili jicho lipate volti zilizoandikwa juu yake. Karibu na betri kubwa funga fyuzi ya ampia 1. Waya upite ndani ya bomba chini ya ardhi, jembe lisiufikie. Umeme wa TANESCO wa volti 230 usivutwe langoni kwa waya wa kuungaunga. Huo unaua.

Kile kipande cha chumbani hakina taabu. Kama kina tundu la chaja, soma volti zilizoandikwa pembeni yake, kisha kiunganishe kwa chaja ya volti hizo hizo.

Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, mtu mmoja apite mbele ya jicho. Baba, mama, hata mtoto. Mwingine asikilize ndani.

Zoezi: Jicho la ghala la kijiji linakula miliampia 2 mchana na usiku. Linakula kiasi gani kwa siku? Betri za dukani zenye akiba ya 2000 zitadumu siku ngapi? Je, paneli yetu ya miliampia 50 italitosha, kama jua kali litawaka saa 2 tu kwa siku?