Mosaic Ndani ya Windows 3.1: Anza na Msingi

Nilikesha siku mbili nikiilaumu kompyuta kuukuu ya 486, kumbe ni mimi niliyeruka hatua. Windows 3.1 ilitoka 1992 bila TCP/IP, lugha ya intaneti. Kwa hiyo kwanza weka Trumpet Winsock. Halafu Win32s, kwani Mosaic 2.0 ni programu ya biti 32 na Windows hiyo ni ya biti 16. Mosaic yenyewe ndiyo ya mwisho. Tovuti za leo usizitegemee. Nyingi zinadai HTTPS, ambayo Mosaic haiijui. Ila kurasa za chama chetu za 1996, zilizolala kwenye disketi, zimefunguka zote. Jamani tuzinakili mapema, disketi nazo huzeeka!